Vipele vya ndevu kwa wanaonyoa kwa wembe na povu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanaonyoa kwa wembe, maji na povu hapa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya na Iringa mjini hadi Njombe na Makete kwenye baridi lake. Mengi yanahusu kidevu na shingo kwa sababu huko ndiko vipele vinakoshika zaidi. Kisogo na kwapa vina maswali yake huko chini.

Hivi vipele ni chunusi au ni kitu gani?

Si chunusi, ingawa kwa macho vinafanana. Chunusi huanza na mafuta yaliyoziba kinyweleo. Kipele cha ndevu huanza na udevu wenyewe, uliogeuka kumchoma mwenye nao. Daktari akiliandika jina lake la kitaalamu utaona pseudofolliculitis barbae.

Udevu wa kipilipili hauoti wima. Hata kishimo chake ndani ya ngozi kimepinda kama mundu, na udevu unatoka nje ukiufuata mpindo huo huo. Wembe ukipita, udevu unabaki na ncha iliyochongoka. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, udevu unatoka, unakua kidogo, unajikunja na kuingia tena kwenye ngozi milimita 1 au 2 tu kutoka pale ulipotokea. Ya pili, hautoki kabisa: umekatwa huku umevutwa, ncha ikazama chini ya ngozi, na ukianza kukua tena unatoboa ukuta wa kishimo ukiwa huko huko ndani. Kwa vyovyote mwili unauona kama mwiba. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha.

Mpindo wa udevu umezaliwa nao na huwezi kuubadilisha kwa sabuni. Kina cha kukata kiko mkononi mwako kila asubuhi. Karibu kila jibu linalofuata linarudi hapo: anayetaka kidevu kisichokwaruza hata kidogo ndiye anayeamka na vipele siku ya pili au ya tatu.

Wazee wanasema ni damu chafu. Kuna ukweli?

Hakuna. Dawa za kusafisha damu zinazouzwa stendi na minadani haziifikii ncha ya udevu. Uchafu nao husingiziwa. Mtu anaweza kuwa na wembe mpya na taulo safi, na bado vikamtoka. Uchafu huingia baadaye, kipele kikishafunguka na bakteria wakapata mlango.

Mbona mwenzangu ananyoa kila siku kwa wembe wowote na hana kitu?

Huenda ndevu zake zimenyooka zaidi, au zinaota zikiwa zimesimama badala ya kulala. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana hapo. Usimwige ratiba yake wala wembe wake.

Kidevu kimeshajaa vipele. Naanzia wapi?

Weka wembe chini. Kunyoa juu ya vipele ni kuvikata vichwa, kueneza bakteria na kuacha makovu, hata ukinyoa kwa ustadi gani.

Acha ndevu zikue wiki 3 hadi 4. Ndevu hukua kama milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, kwa hiyo mwisho wa mwezi zinakaribia sentimita 1. Urefu huo ndio unaotakiwa: udevu ulioingia ndani huendelea kukua, kitanzi chake kinapanuka, mwisho unafyatuka wenyewe kama springi na kutoka. Wiki ya kwanza hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye wembe. Vumilia. Kama kazini hawakubali ndevu ndefu, punguza kwa mkasi au mashine ya umeme yenye kitana namba 1, inayoacha kama milimita 3. Kwa walinzi na askari ambao kanuni inawadai kidevu kitupu, waraka wa daktari ndio unaofungua mazungumzo na mkuu wa kazi.

Kila siku kandamiza kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara 2 au 3. Ukiona kitanzi cha udevu kimelala wazi juu ya ngozi, ncha zote mbili zimezama na mgongo uko nje kama mpini wa kikapu, ingiza sindano iliyosafishwa kwa spiriti chini ya mgongo huo na uunyanyue mpaka ncha itoke. Ishia hapo. Usiung'oe. Udevu uliong'olewa huanza upya kutoka chini kabisa, na safari yake ya kupanda juu ndiyo nafasi nyingine ya kutoboa ukuta. Kama kitanzi hakionekani, usichimbe. Makovu mengi ya kidevuni yanatokana na kuchimba kwa kucha na sindano kuliko vipele vyenyewe.

Maji ya moto ni lazima? Juni huku maji ya bomba yanauma vidole.

Ni lazima yawe vuguvugu, si ya moto. Udevu mkavu ni mgumu na wembe unauvuta kabla ya kuukata. Ukiunywesha maji dakika 2 hadi 3 unavimba, unalainika, unakatika kwa nguvu ndogo na ncha yake haichongoki sana. Maji ya baridi nayo hulowesha, ila polepole, na ngozi iliyosisimka kwa baridi hujikunyata na kusimamisha vinyweleo, kisha wembe unapita juu ya vilima.

Hesabu rahisi kwa asubuhi ya Mbeya au Mafinga: kikombe 1 cha maji yaliyotoka kuchemka na vikombe 2 vya maji ya bomba vinakupa kama digrii 40. (Kwa mwinuko wa Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100, lakini hesabu haibadiliki sana.) Hayo ya moto yanaweza kutoka kwenye chupa ya chai ya usiku, ila yakishapoa tumia kikombe kimoja na nusu. Jaribu kwa upande wa ndani wa kiwiko. Kiwiko kikikataa, uso usiupe.

Chovya taulo dogo, kamua, funika kidevu na shingo, hesabu dakika moja na nusu, chovya tena, rudia. Anayeoga maji ya moto anyoe mara tu baada ya kuoga, kazi hiyo tayari imefanyika.

Sabuni ya kipande inatosha, au mpaka krimu ya kunyolea?

Sabuni ya kufulia hapana. Inakausha ngozi na povu lake linakufa kabla hujafika shavu la pili. Krimu ya kunyolea, hata ya bei ya chini, hubaki na unyevu na kuufanya wembe uteleze. Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha uso mzima kama maji yapo. Wanaojaza kiganja wanatupa pesa. Paka kwa brashi au vidole kwa kuzungusha, ukinyanyua ndevu zilizolala, kisha acha povu likae dakika 2 kabla wembe haujagusa. Dakika hizo mbili wengi wanazikwepa, na ndizo zenye kazi.

Kama krimu hakuna, sabuni ya kuogea yenye gliserini iliyopigwa povu zito kwenye kikombe itakuvusha. Povu likikauka usoni, lipake upya kwa maji. Povu kavu ni sawa na kutokuwa na povu.

Wembe upi: ule wa makali mengi au wa makali mamoja?

Kwa mwenye vipele, makali mamoja. Kinyoleo chenye makali matatu au matano yaliyopangana hufanya kazi kwa ujanja wake: la kwanza linaunasa udevu na kuuvuta, la pili linaukata kabla haujarudi, la tatu linaukata tena. Udevu ukirudi nyuma, ncha yake inazama chini ya ngozi. Tangazo linasifu jambo hilo hilo kuwa ni ulaini. Kwa ndevu zilizonyooka ni kweli; kwa kipilipili ndiyo ile njia ya pili tuliyoeleza.

Chaguo zuri ni kinyoleo cha chuma kinachofungwa wembe mmoja wa kawaida wenye makali pande mbili, wembe ule unaouzwa kwa pakiti kwenye maduka ya mtaani. Kishikio unanunua mara moja, baada ya hapo gharama ni nyembe tu. Ukifunga, hakikisha wembe umetokeza sawa pande zote mbili, na kaza kishikio mpaka mwisho. Wembe uliolegea unatetemeka na kukwaruza. Kiwembe cha plastiki cha kutupa chenye makali mamoja nacho kinafaa. Wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole, kama wengine wanavyofanya vijijini, hauna kitu cha kuuzuia usizame. Hatuushauri kwa uso.

Nitajuaje ndevu zangu zinaelekea wapi?

Subiri siku 2 au 3 bila kunyoa. Chukua kipande kidogo cha pamba na ukiburute taratibu kuelekea kila upande. Kikiteleza, unafuata ndevu. Kikikwama na kuacha nyuzi, unakwenda kinyume chake.

Mashavuni kwa watu wengi ndevu zinashuka. Shingoni ndipo penye vurugu. Chini ya taya zinaweza kupanda juu, kando ya koo zikalala kuelekea sikioni, na katikati zikazunguka kama kisogo cha mtoto. Upande wa kushoto si lazima ufanane na wa kulia. Chora uso kwenye karatasi na mishale, ubandike karibu na kioo kwa wiki mbili. Ni kazi ya kitoto, lakini anayenyoa shingo yote kwa kushusha chini, na ndevu zake zinapanda, amekuwa akinyoa kinyume miaka yote bila kujua. Ndiyo maana mashavu yake ni safi na shingo imeharibika.

Sasa nyoeni pamoja nami: wembe unapita vipi?

Weka kichwa cha kinyoleo kwenye shavu, kishikio kikiwa kimesimama moja kwa moja kutoka usoni. Shusha kishikio taratibu mpaka uanze kusikia wembe unakata. Hapo wembe uko kwenye pembe ya digrii 30 hivi, na pembe hiyo uitunze. Usisukume. Uzito wa chuma unatosha. Kwa kiwembe chepesi cha plastiki weka nguvu ya kufuta vumbi kwenye picha, si zaidi.

Nyoa vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, ukifuata mishale yako, na suuza wembe kila baada ya mipito 2. Mahali ulipopita mara moja usirudie bila povu jipya. Mkono mwingine usiivute ngozi. Hili ni gumu kuliacha kwa kuwa wengi tumefundishwa kuikaza shingo kama ngoma, lakini ngozi iliyokazwa ikiachiliwa hurudi na kuzifunika ncha zilizokatwa. Kwenye taya ambako ngozi inakunjika, geuza kichwa ili ilale yenyewe.

Mpito mmoja. Ukitaka wa pili, paka povu na upite kwa kukatisha, kutoka sikioni kuelekea puani, mashavuni tu. Kwenda kinyume cha ndevu ni kwa wasio na vipele. Ukimaliza, kiganja kinatakiwa kihisi mkwaruzo mdogo. Huo mkwaruzo ndio ulinzi wako, na kwa mtu aliye mbele yako hauonekani.

Ninyoe kila siku au niachie siku kadhaa?

Hapa watu hutofautiana. Kwa wengi, kila siku ya pili ni kipimo kizuri: ngozi inapumzika na ndevu hazijafika urefu wa kujikunja na kurudi. Kwa wengine, kunyoa kila siku kwa mkono mwepesi ni bora, kwa sababu udevu unakatwa kabla haujapata urefu wa kuinama. Kibaya ni kunyoa chini kabisa Jumapili kabla ya ibada kisha kusubiri Jumapili ijayo. Siku ya tatu au ya nne ndipo ncha zinapogeuka. Jaribu mtindo mmoja kwa mwezi mzima kabla ya kuhamia mwingine.

Wembe mmoja nautumia mara ngapi?

Kwa ndevu nene, mara 3 hadi 5. Ukisikia unavuta badala ya kukata, umeisha hata kama ni mara ya pili. Wembe butu unakulazimisha kukandamiza na kurudia, na makosa hayo mawili yanatosha kurudisha kila kitu. Suuza, kung'uta maji, uache mahali pakavu. Usiufute kwa taulo, unaharibu makali na pengine kidole. Wembe uliokwisha utumbukize kwenye kopo la bati lenye tundu dogo. Jalala la uwani watoto wanachezea.

Baada ya kunyoa napaka nini? Spiriti inaua vijidudu, sivyo?

Inaua, na inakausha ngozi mpaka inababuka. Ngozi kavu, hasa kwenye upepo wa baridi wa Juni hadi Agosti, huwa ngumu juu na kuzibana ncha zinazotaka kutoka. Suuza kwa maji ya baridi (sasa bomba la Makambako lina faida), kausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha paka losheni nyepesi isiyo na manukato makali, au tabaka jembamba la gliserini iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Vaselini kidogo inafaa kwa ngozi kavu sana. Ikipakwa nene inaziba. Mafuta ya parachichi, ambayo Njombe na Rungwe hayako mbali, yanalainisha vizuri. Hayazuii udevu kuingia ndani, msidanganywe na lebo.

Shabu, lile jiwe jeupe la dukani, hukausha mikato midogo na kusimamisha damu. Lowesha, pitisha mara moja, subiri nusu dakika, suuza.

Limao au ndimu usipake. Maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kuunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi, na jua la huku juu, hata siku ya baridi, ni kali kuliko linavyohisiwa. Wanaochuma pareto nao waangalie: maua yake huwawasha baadhi ya watu, na shingo iliyotoka kunyolewa haina kinga. Nyoa jioni baada ya shamba.

Kuna dawa ya kupaka inayosaidia kweli?

Zipo, na si za ajabu. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 na asidi ya glikoliki ya asilimia 5 hadi 10 huondoa seli zilizokufa ili ncha ipate njia. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 hupunguza bakteria na uvimbe. Inachujua rangi ya taulo na shuka, tumia nyeupe. Adapalini ya asilimia 0.1 hupakwa usiku, na matokeo yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Mjamzito asiitumie.

Chagua moja, si zote. Ianze usiku mmoja na kuruka mmoja, na usiku wa siku uliyonyoa uiache. Duka la dawa muhimu la kijijini, mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, linaweza lisiwe na hizi zote. Famasi ya mjini ndiyo ya kuuliza kwanza, na uliza kwa jina la dawa na asilimia, si kwa rangi ya boksi.

Krimu za steroidi, hasa zenye betamethasone au clobetasol, zinauzwa kama njugu na zinapendwa kwa sababu vipele hunywea ndani ya siku mbili. Ukizitumia wiki baada ya wiki usoni, ngozi inakuwa nyembamba, inaweka mabaka meupe na kutoa chunusi mpya, na ukiziacha vipele vinarudi kwa hasira. Steroidi nyepesi kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari, ni jambo jingine.

Poda ya kuondoa ndevu bila wembe inafaa?

Inafaa wengi ambao wembe umewakataa kabisa. Haikati, inayeyusha udevu, na ncha inabaki butu kama nyuzi iliyoungua. Lakini dawa inayoyeyusha udevu inaweza kuyeyusha na ngozi. Jaribu kwanza kiasi cha sarafu chini ya sikio na usubiri saa 24. Koroga na maji mpaka iwe uji mzito, paka, na ufuate dakika zilizoandikwa kwenye kopo ukiwa na saa mkononi. Ikianza kuchoma kabla ya muda, toa. Kwangua kwa ukingo butu wa kijiko, suuza kwa maji mengi ya baridi. Usipake kwenye kidonda wala siku uliyonyoa kwa wembe, na usirudie kabla ya siku 3. Wiki ni bora. Harufu yake ya mayai viza ni ya kawaida.

Nanyolewa saluni. Nimwambie nini kinyozi?

Mambo matatu. Asikunyoe kwa kurudisha mashine kinyume cha ndevu. Asiipige chini kabisa shingoni, aache milimita 1. Na kuchonga kwa wembe kuishie kwenye mstari, wembe usipite shingo nzima. Kinyozi mzuri hachukii kuambiwa.

Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako, au uende na wako. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi siku 7 kwenye kifaa kilichokauka, na tone la damu lisiloonekana linatosha. VVU navyo havina sababu ya kujaribiwa. Vifaa vya chuma visivyo vya umeme vinatakaswa kwa Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, dakika 10, kisha visuuzwe mara moja maana inaozesha chuma. Meno ya mashine yasafishwe nywele kwa brashi, ndipo yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Kufuta kwa kitambaa kile kile alichomfutia mteja aliyetangulia si kutakasa.

Nina vinundu vigumu kisogoni, siyo kidevuni.

Huo ni ugonjwa jirani, wenye tabia mbaya zaidi. Unaanza kama vipele kwenye mstari wa nywele nyuma ya shingo, kisha vinakuwa vigumu, vinaungana na kuacha kovu linalokua lisiloota nywele. Kupiga kipara cha wembe, kuchonga mstari wa nyuma na kola ngumu inayosugua vinauchochea. Acha vyote mapema: nywele za nyuma zibaki angalau milimita 3, bila mstari. Vikishakuwa vikubwa havitoki kwa dawa ya duka. Anayejijua ana makovu yanayokua asikubali mtu yeyote avikate mtaani.

Naendesha bodaboda. Helmeti inahusika?

Inahusika, hasa mkanda wake wa kidevuni, na skafu ya sufu ya kuzuia baridi. Vyote vinasugua ncha za ndevu na kuzirudisha ndani, mchana kutwa, juu ya jasho na vumbi. Weka kitambaa laini cha pamba kati ya mkanda na ngozi, ukifue kila siku, na osha shingo kwa maji ukifika nyumbani. Usinyoe asubuhi ya safari ndefu.

Wanawake wanaonyoa kwapa na chini wafuate haya haya?

Karibu yote: lowesha, punguza kwa mkasi kwanza, wembe mpya wa makali mamoja, fuata nywele, usivute ngozi. Kwapa nywele zinaelekea pande zaidi ya moja, kwa hiyo pita vipande vifupi. Baada ya hapo vaa nguo ya pamba isiyobana kwa siku nzima, na deodoranti isubiri kesho. Kung'oa kwa nta au sukari hakukwepeshi tatizo. Nywele zinazorudi kutoka chini kabisa nazo hupotea njia.

Alama nyeusi zitaondoka?

Nyingi zitafifia zenyewe, kwa miezi si wiki, mradi vipele vipya havitoki. Asidi ya glikoliki na adapalini husaidia pole pole, na krimu ya kuzuia jua inazuia zisikolee. Mkorogo hapana. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na mabaka yanayoachwa na mkorogo ni mabaya kuliko doa ulilotaka kulifuta.

Nimefanya yote na bado. Na lini niende hospitali?

Kama umefuata haya miezi miwili bila nafuu, wembe si wako: hamia kwenye mashine ya umeme inayoacha milimita 1 na ubaki hapo. Kuna pia leza ya kuua mashina ya nywele. Kwa ngozi nyeusi inayotakiwa ni aina ya Nd:YAG ya nanomita 1064. Nyingine zinaweza kuunguza.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiwa na homa, jipu linalokua, usaha unaoenea, uvimbe unaoshika upande mmoja wa uso, au kovu linalozidi ukubwa. Nenda pia ukiona mduara unaobanduka magamba na ndevu zinakatika zenyewe, maana hiyo inaweza kuwa fangasi, na krimu ya steroidi itaificha tu huku inaenea. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya upate rufaa. Siku 3 kabla usinyoe wala usipake kitu, na beba maboksi ya kila ulichokuwa unapaka, hata kile unachoona aibu kukitaja.